Mkaa Nilioutoa Chini ya Kuku

Wiki iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu Kihonda kuchukua vifaranga. Mama anayewauza ana mashine ya umeme ya kutotolesha, kubwa kama kabati la nguo, na pembeni yake kuna chumba kidogo chenye taa nyekundu ambamo vifaranga wa siku moja hukaa wakisubiri wenyewe waje. Alipofungua mlango wa chumba kile, hewa ya joto ilinipiga usoni. Maranda ya mbao, pumba, manyoya machanga yaliyokauka sasa hivi, na chini ya vyote harufu fulani ya ganda la yai ambayo siwezi kuieleza vizuri. Rafiki yangu alikuwa anauliza habari za chanjo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na miaka minane.

Sina imani kubwa na kumbukumbu. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba kichwa hupanga upya mambo yake kila kinapoyatoa nje, na kwamba mtu anayesema anakumbuka kama jana mara nyingi anakumbuka alivyosimulia mara ya mwisho. Kwa hiyo nilimpigia Mama simu siku hiyohiyo, nikamuuliza mayai tuliyomlalishia kuku mwaka ule yalikuwa mangapi. Akajibu kumi na moja bila kusita, halafu akaniuliza kwa nini huwa siulizi mambo ya maana, kama afya yake. Nikamuuliza kuku alikuwa wa rangi gani. Akasema mwekundu. Mimi namkumbuka mweusi. Hatukuafikiana, na ninawaachia nyinyi mchague rangi mnayoipenda. Mengine yote nina uhakika nayo, kwa kiasi ambacho mtu anaweza kuwa na uhakika.

Tulikuwa tunakaa Bigwa, pale Morogoro, nyumba ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda. Bibi, yaani mama yake Mama, aliteremka kutoka mlimani kuja kutolewa mtoto wa jicho. Alikuja na mfuko wa nguo, mkungu wa ndizi, na kuku mmoja wa aina ya kishingo, wale wenye shingo tupu, kana kwamba mtu alianza kuwanyonyoa akaitwa mlangoni. Kuku yule alikuwa kitoweo cha sisi wenyeji. Lakini asubuhi ya pili alitaga yai ndani ya kikapu alichokuja nacho, na Bibi akasema kuku anayetaga hachinjwi, kisu kingoje. Kisu kikangoja. Bibi akaenda hospitali akarudi na jicho moja limefunikwa, na kuku akaendelea kutaga, mpaka siku moja akagoma kutoka kikapuni na kuanza kulia ile sauti nzito, ya kukoroma, ya kuku anayetaka kuatamia.

Kwetu Uluguru bibi na mjukuu wake wa kike ni wake wenza kwa utani. Babu alikufa kabla sijazaliwa, lakini jambo hilo halikumzuia Bibi kunishuku.

"Shikamoo Bibi," nilimwambia kila asubuhi.

"Marahaba mke mwenzangu. Mbona umeamka unacheka, umemwota mume wangu?"

"Babu si alishakufa?"

"Ndiyo maana nauliza. Alipokuwa hai hukuthubutu."

Nyumba yetu kabla ya Bibi kuja ilikuwa kimya. Baba alikuwa anaingia kiwandani alfajiri, Mama alikuwa na cherehani yake, na mimi nilikuwa na maswali. Mama alikuwa ananijibu, "Ndivyo kulivyo," huku mguu wake unakanyaga cherehani. Baba alikuwa anajibu kwa kirefu mno, halafu anasinzia katikati ya jibu. Bibi ndiye mtu mzima wa kwanza niliyemjua ambaye aliacha alichokuwa anakifanya mtu akimuuliza kitu. Nililala naye kitanda kimoja. Nilimtilia dawa ya jicho mara nne kwa siku. Nilimsomea maandishi ya kwenye paketi za chumvi na viberiti kwa sababu alitaka kujua yamesema nini. Sikumbuki kama niliwahi kusema kwamba nampenda, maana kwetu hatusemi hivyo, lakini nakumbuka kwamba njia yote ya kutoka shule nilikuwa nakimbia.

Tulimlalisha kuku siku ya Jumatano. Bibi alichagua kona ya jiko la nje, mbali na mafiga, akaweka tenga kuukuu, majivu chini ya kuzuia utitiri, majani makavu ya mgomba juu, kisha mayai kumi na moja. Mwisho akaniagiza kipande cha mkaa na msumari. Akavisokomeza katikati ya majani, chini ya mayai.

"Vya nini, Bibi?"

"Vya radi. Radi ikipiga karibu, mayai yanafia ndani, yanakuwa viza. Mkaa na chuma vinaizuia."

"Vinaizuiaje?"

"Vinaizuia tu. Sogea, unamzibia kuku mwanga."

Wakati wa kula nililipeleka swali mezani. Baba ni mtu wa Singida aliyeletwa Morogoro na kazi, na alikuwa na tabia ya kuweka tonge chini kabla ya kusema jambo la kisayansi.

"Radi ni umeme," alisema. "Itajuaje kwamba huku Bigwa kuna kuku amelala juu ya mayai?"

"Baba, kwenu hata mvua yenyewe hamna," Bibi akamwambia mkwewe kwa upole. "Radi uliijulia wapi?"

Baba akacheka, Mama akacheka. Mimi sikucheka. Watu wawili ninaowaamini walikuwa wamesema mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja, na wote wanaendelea kula ugali kana kwamba hakuna kilichotokea. Nadhani sehemu kubwa ya mtu niliye leo ilianzia kwenye sinia lile.

Yangeweza kuishia hapo. Lakini wiki moja baadaye nilikuwa nyuma ya jiko, ninachimba mchwa kwa kijiti, nikamsikia Bibi ndani akichambua matembele na Mama.

"Kliniki wameniruhusu," Bibi alikuwa anasema. "Nangoja tu huyu kuku wangu aangue, nirudi kwangu."

"Mama, kwani hapa unakosa nini?"

"Sikosi kitu. Lakini kule ndiko kwangu. Shamba la ukoo limeachwa kwa mdogo wako, na mdogo wako unamjua."

Mama hakubisha. Sisi Waluguru ardhi inapita kwa wanawake, na Bibi ndiye aliyekuwa mwenye kujua mpaka wa nani unaishia kwenye jiwe gani. Lakini hayo niliyaelewa baadaye sana. Siku ile nilielewa jambo moja tu: kuku akiangua, Bibi anaondoka. Nikahesabu siku. Zilikuwa zimebaki kumi na nne.

Mtoto wa miaka minane hana silaha nyingi. Sikuweza kumkataza mtu mzima, sikuweza kuficha nguo zake, na kulia nilishaona kwamba hakufai kitu kwa watu wazima waliokwisha kuamua. Nilichokuwa nacho ni hoja. Vifaranga wakitoka, Bibi anatoka. Vifaranga wasipotoka, Bibi atakuwa bado anangoja. Na jinsi ya kuwafanya wasitoke, Bibi mwenyewe alikuwa amenifundisha. Tena hoja yangu ilikuwa na uzuri mwingine: kama Baba ndiye mkweli, nikiutoa mkaa hakitatokea chochote, sitakuwa nimefanya kosa. Kama Bibi ndiye mkweli, atabaki. Niliona ni mpango usio na hasara kwa mtu yeyote. Kuku sikumhesabu.

Kuku anayeatamia hutoka mara moja kwa siku, haraka haraka, anakunywa, anadonoa punje mbili tatu, anaoga vumbi, anarudi. Jumamosi saa nne alipotoka, niliingiza mkono kwenye kiota. Mayai yalikuwa ya moto kuliko nilivyotarajia, moto wa mwili. Nikautoa mkaa na msumari. Mkaa niliutia kwenye jiko lililokuwa na maharage ya Mama, nikauangalia mpaka ukashika moto kama wenzake. Msumari niliutumbukiza chooni, ili hata mimi mwenyewe nisiweze kubadili mawazo.

Halafu nikaanza kungojea radi. Yeyote aliyekulia chini ya mlima ule anajua kwamba mawingu huwa yanakaa juu siku nzima yakijifikiria. Jumapili yakajifikiria. Jumatatu ikanyesha mvua ya kawaida, mvua isiyo na maneno. Jumanne hakuna kitu. Darasani mwalimu aliniuliza mara mbili ninatazama nini dirishani.

Jumatano mchana, nimesharudi nyumbani, hewa ilisimama. Majani ya mgomba yakaacha kucheza, mbuzi wa jirani akaanza kulia akivuta kamba. Mwanga mweupe ukaingia ndani ya nyumba na kutoka, na kabla sijafumba macho ukaja mlio ambao haukutoka juu, ulitoka pande zote, kwenye ukuta, kwenye sakafu, kwenye meno yangu. Vikombe vya kwenye kabati viliendelea kugongana baada ya mlio kwisha. Mama aliinua mguu kwenye cherehani. Bibi alisema taratibu, "Hiyo imeshuka karibu."

Nilikuwa nimepanga kufurahi. Nilikimbia kwenye mvua mpaka jikoni nikiwa bado nafikiri kwamba nimekwenda kufurahi. Paa lilikuwa linavuja upande mmoja, na maji yalikuwa yanadondoka karibu na tenga, mengine yakimrukia kuku. Hakuwa amesogea hata kidogo. Alikuwa ameyatandaza mabawa yake nje kabisa, amejibana chini mpaka amekuwa bapa kama ungo, na shingo yake ile tupu imelowa. Alinitazama kwa jicho moja. Hakulia, hakunidonoa. Alikuwa anayakinga mayai yake kwa mvua, na kitu ambacho kingeyakinga kwa radi mimi nilikuwa nimekipikia maharage.

Nikachukua gunia nikaziba pale panapovuja. Kisha nikachuchumaa pale, nguo zimeloa, nikitamani kwa nguvu zangu zote kwamba Baba awe amesema kweli. Mpaka leo nikisikia mtu anasema anatafuta ukweli tu na hajali utakuwa upi, namtilia shaka kidogo. Mimi nilijali sana.

Nilivumilia mpaka Jumapili. Mama alikuwa amenifundisha kupima mayai ya kula yaliyonunuliwa gengeni: unalitia kwenye bakuli la maji, likizama ni zima, likielea ni viza. Jumapili Mama alipokwenda sokoni na kuku alipotoka kunywa maji, nilichukua mayai matatu nikayatia kwenye ndoo. Yote matatu yalielea. Wala si kuelea kwa mashaka, yalisimama wima juu ya maji, upande mnene umetokeza nje. Nikayafuta kwa gauni, nikayarudisha, na sikuyapima yale mengine manane. Sikuwa na moyo huo.

Basi radi ilikuwa kweli, Bibi alikuwa mkweli, na mimi nilikuwa nimeua watoto kumi na mmoja. Lililonitesa zaidi ni kwamba mpango wangu ulikuwa umefaulu. Kila asubuhi Bibi alikuwa anapapasa njia kwa mkono ukutani mpaka jikoni, anaingiza vidole chini ya kuku, anasema, "Moto kama mkate." Angeendelea kufanya hivyo kesho, na keshokutwa, na Jumatano isingetokea kitu, na Jumatano nyingine isingetokea kitu. Kuku angelalia maiti, na Bibi angekaa kwetu akingojea maiti, na mimi ningekuwa nimelala ubavuni kwake nikijua. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba mtu anaweza kupata alichokitaka na asiweze kukitazama.

Jumatatu niliporudi shule Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani. Nikamwamkia, nikamtilia dawa ya jicho, nikageuka niondoke.

"Mke mwenzangu. Siku mbili hizi hujaniuliza kitu. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi umeniibia. Leta nilichoibiwa."

Nikajibu kabla sijajua kwamba ninajibu.

"Mayai yamekufa, Bibi."

"Nani kasema?"

"Yanaelea. Niliyatia kwenye maji. Ni mimi niliyeutoa mkaa, na msumari, Jumamosi ile. Halafu Jumatano radi ikaja."

Hakuniinulia sauti. Alikaa akinigeuzia lile jicho lisilofunikwa, ambalo nalo lilikuwa na ukungu, kana kwamba alikuwa ananisikiliza kwa jicho.

"Kuku alikukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Sasa?"

"Ulisema yakianguliwa unaondoka."

Bibi akaushika ukuta akainuka. Kisha akasema, "Nenda kalete karai. Maji yawe ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto. Mpaka uje kuyaleta nitakuwa nimefika jikoni."

Nilipofika na karai alikuwa ameshamwinua kuku na kumweka pembeni, na kuku alikuwa anatutukana. Bibi akaniambia niyatie mayai majini, moja moja, polepole. Nikatia la kwanza. Likaelea.

"Si unaona," nikasema.

"Naona nini, na mimi sioni? Yai la siku kumi na tisa lisipoelea ndiyo ushangae. Kifaranga amelila lote mle ndani, kilichobaki ni yeye na hewa yake. Mama yako anakufundisha mayai ya kula. Hili si la kula, hili lina mtu." Akakaa kwenye kigoda. "Mimi nimekatazwa kuinamisha kichwa. Kwa hiyo wewe utatazama, uniambie unachokiona. Unachokiona, sio unachokitaka."

Nikatazama. Maji yalikuwa yanacheza kwa sababu ya mkono wangu, nikangoja yatulie. Yakatulia. Yai lilikuwa limesimama pale kama jiwe jeupe. Nilisikia kuku anakwaruza, nilisikia cherehani ya Mama mbali, na yai halikufanya kitu. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilikuwa nimefika ishirini na kitu.

Yai likaitika. Sijui neno jingine. Liliinama kidogo upande mmoja likarudi, kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini, na kiduara kidogo cha maji kikatoka pale lilipo kikaenda mpaka ukingo wa karai.

"Limetikisika," nikasema.

"Hukugusa karai?"

"Sikugusa."

"Hukupumulia maji?"

"Sijapumua kabisa."

"Tazama tena."

Likaitika tena. Kisha tena, kwa nguvu, likasogea kabisa. Nikatia la pili, la tatu, na baada ya muda karai lilikuwa na mayai yanayopigana vikumbo bila mtu kuyagusa, na mimi nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya udongo, pua yangu karibu na maji, ninamtangazia Bibi kama mtangazaji wa mpira. Hili linacheza. Hili pia. Hili limemgonga mwenzake. Tisa yalicheza. Mawili hayakucheza, hata nilipoyangojea mpaka maji yakaanza kupoa.

"Kwa hiyo radi haiui mayai?" nikauliza.

"Sijui," Bibi akasema.

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akisema neno hilo bila kuona haya.

"Mama yangu aliweka mkaa, na mimi nikaweka mkaa. Sijawahi kuuacha nje nikaona itakuwaje. Wewe ndiye uliyeuacha, wewe ndiye uniambie mimi."

"Na haya mawili?"

"Huenda ni radi. Huenda ni jogoo, maana hapa kwenu huyu kuku hana mume, na huyo wa jirani namwona mvivu." Akanyoosha mkono kuelekea kwenye tenga. "Haya, yafute, yarudishe. Halafu leta kipande kingine cha mkaa."

Nikamtazama.

"Nimesema sijui," akasema. "Sijasema si kweli."

Nimekaa darasani miaka mitatu pale chuoni Mazimbu nikifundishwa jinsi ya kujaribu jambo, kwamba jaribio moja halithibitishi kitu, kwamba lazima uwe na kundi la kulinganisha, kwamba mwenye kupima asiwe na maslahi. Vyote hivyo nilikuwa nimeshavisikia kwa mwanamke aliyekaa kwenye kigoda na jicho moja limefungwa. Mwalimu wangu wa chuo alivieleza vizuri zaidi, lakini hakunifanya nilale chini.

Lakini nimelitangulia jambo lenyewe. Nilikuwa namrudishia kuku yai la mwisho, naye amenidonoa vya kutosha, Bibi aliposema nyuma yangu:

"Nani amekwambia kwamba siku wakitoka ndiyo siku ninaondoka?"

"Ulimwambia Mama. Ulisema unangoja kuku aangue urudi kwako."

"Na wewe unadhani nitambeba kifaranga wa siku moja mlimani? Kwa baridi ile ya kule, manyoya yenyewe kama pamba? Atanifia kikapuni kabla sijamaliza kupanda. Mke mwenzangu, kuku haangui siku moja. Wakitoka kwenye ganda ndiyo kazi imeanza. Mpaka waote mabawa. Mpaka mama yao awachoke, awapige midomo, awafukuze. Hiyo ni miezi miwili. Na huyu ninavyomjua ana mapenzi, atafika mitatu."

Nilikuwa bado nimeshika ukingo wa tenga.

"Haya mayai yangekuwa viza kweli," Bibi akaendelea, kwa sauti ileile ya kawaida, "Jumamosi hii ningepanda. Ningebaki kungojea nini?"

Nilikuwa nimeivuta kwa mikono yangu miwili ile siku niliyokuwa naiogopa, nikidhani ninaisukuma. Kama mpango wangu ungefaulu, kama yale mayai yangekufa kama nilivyotaka yafe, ningebaki na siku tano. Sasa nilikuwa na miezi miwili, mitatu. Nikaanza kulia, kilio cha kwikwi, na katikati ya kilio nikashikwa na kicheko, na viwili hivyo vikapigana mpaka Mama akaita kutoka ndani kuuliza kuna nini huko.

"Moshi," Bibi akamjibu.

"Utamwambia?" nikanong'ona.

"Nimwambie nini? Haya ni mambo ya wake wenza."

Jumatano asubuhi nilikataa kwenda shule mpaka nisikie. Bibi alinishikia yai moja sikioni, na ndani yake mlikuwa na mtu anagonga, anapumzika, anagonga, na kati ya kugonga alikuwa analia kwa sauti nyembamba kama uzi. Niliporudi mchana vichwa vitatu vilikuwa vimetokeza chini ya bawa la kuku. Kufikia Alhamisi walikuwa tisa. Yale mawili Mama aliyafukia nyuma ya nyumba, na alipoyafukia harufu ilitufukuza sote.

Kisha ikaanza ile miezi. Mvua za masika zilikuwa zinapiga kila siku, na kishingo hana manyoya mengi ya kugawa, kwa hiyo Bibi alinifundisha kutengeneza joto: chungu cheusi chenye makaa yaliyofunikwa majivu, kinawekwa katikati ya boksi la maranda, kimezungushiwa matofali wasijiunguze. Aliniambia nisiguse chungu kujua kama joto linatosha, niwatazame wao. Wakirundikana karibu na chungu wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni wakiwa wameachama, unawachoma. Wakilala ovyo ovyo kila mmoja alipodondokea, kama walevi, mambo ni mazuri. Niliwakuta wamelala kama walevi mara nyingi kuliko vinginevyo, na hilo bado ni miongoni mwa mambo ninayojivunia. Tuliwalisha chenga za mahindi na mchwa. Mwewe alichukua mmoja mbele ya macho yangu, na Bibi aliniruhusu kumlilia mpaka jioni. Asubuhi akanikumbusha kwamba wako wanane wanasubiri kula. Nilimuuliza kila kitu. Kwa nini kifaranga anajua kudonoa kabla hajafundishwa. Kwa nini kuku anainua kichwa akinywa maji. Majibu yake mengine nilikuja kugundua si kweli. Mengine nimeyatafuta vitabuni nikayakuta yaleyale. Na mara nyingi alisema hajui, na kila aliposema hivyo ilikuwa kama ananikabidhi kitu nikishike.

Hawakuwa vifaranga tena shule zilipofungwa mwezi wa sita. Walikuwa na mabawa, walikuwa na fujo, wawili kati yao walikuwa wameanza kujaribu kuwika na kuaibika. Kuku mwenyewe alikuwa anawapiga midomo wakimsogelea. Nilimwona Bibi anamtazama kwa lile jicho lake jipya, na nilijua anahesabu nini. Nilingojea ile hofu ya mwanzo inirudie. Haikurudi. Huenda ni kwa sababu nilikuwa nimeshamaliza kumuuliza mengi, au kwa sababu Mama alikuwa ameniambia nifunge nguo zangu, nitakaa na Bibi likizo yote.

Tulipanda gari mpaka njia inapoishia, kisha tukapanda kwa miguu, Mama na tenga moja kichwani, Bibi na kikapu, mimi na ndala mkononi kwa sababu ya matope. Nilikuwa sijawahi kuona baridi mchana. Nilielewa njiani, bila kuambiwa, kwamba kifaranga wa siku moja kweli asingefika.

Nyumbani kwake Bibi alikaa mlangoni akaanza kuchana maganda makavu ya mgomba, anayasokota kuwa kamba. Akamfunga kuku wa kwanza mguu, ncha ya pili akaifunga kwenye kijiti alichokichomeka ardhini.

"Kwa nini unawafunga?"

"Hawajui kama hapa ni kwao. Ukiwaachia wataanza kuitafuta Bigwa, watapotelea msituni. Siku tatu, nne, wakishazoea nawafungua."

Nikamtazama kuku akivuta kamba, anakwama, anavuta, anakwama. Kisha nikauliza lile nililolibeba tangu tulipoteremka garini.

"Na mimi likizo ikiisha nikitaka kubaki?"

"Utateremka ukasome."

"Na nisipotaka kubaki, nikataka kurudi kesho?"

"Utarudi kesho. Mama yako bado yuko hapa."

"Kwa hiyo mimi hunifungi."

Bibi aliing'ata kamba kwa meno akaikaza, akamvuta kuku wa pili kwa mguu.

"Wewe nikufunge kwa kamba gani?" akasema. "Utaifumua uone imesokotwaje. Shika huyu, ana nguvu."

Nikamshika.